Massey Ferguson 135 haiwaki baada ya matengenezo, injini inazunguka vizuri

mkulima_kipushi

Yambo wakubwa. Trakta ni Massey Ferguson 135, injini Perkins AD3.152 ya silinda 3, pampu ya injekta ni CAV DPA. Iko shambani, njia ya Kipushi, nje ya Lubumbashi. Ilikuwa inawaka, lakini inakula oili na inapumua sana kwenye bomba la pembeni.

Kazi iliyofanywa: shemizi (kuta za silinda), pistoni na segma (ringi za pistoni) mpya kwa silinda zote tatu. Kulasi (kichwa cha injini) imesawazishwa, supapu (valvu) zimesagwa, jwenti (gasketi) mpya. Injekta zimepimwa mjini, pampu imefunguliwa na kufungwa upya. Jalada la gia za mbele nalo lilitolewa, kwa sababu sili ya krenki (shafti kuu ya injini) ilikuwa inavuja.

Sasa demarere (stata) inazungusha vizuri, betri ni mpya, lakini haiwaki kabisa, na kwenye ekzosi hakuna moshi hata kidogo. Hewa tumeitoa kwenye filta mara mbili. Mmoja anasema tuivute kwa kamyo, mwingine anasema tupulize eta (dawa ya kuwashia), na fundi anataka kufungua kulasi tena. Nianzie wapi?

fundi_mazutu

Kulasi iacheni ilivyo.

Dizeli ikizungushwa na demarere huku mazutu (mafuta ya dizeli) inaingia kwenye silinda, itatoa moshi mweupe tu, hata segma ziwe zimekwisha, hata taimingi (wakati wa kuingiza mazutu) iwe mbaya. Kukosa moshi kabisa ni dalili kwamba injekta hazipati kitu. Mambo ya kompresio (mbano wa hewa kwenye silinda) hatujayafikia bado.

Anza na kisichogharimu hata franga moja: waya wa kuzimia. Juu ya DPA kuna mikono miwili, mmoja wa gesi (mwendo) na mmoja wa kuzimia. Ufungue waya kwenye mkono wa kuzimia, uuache mkono ukae upande wa kazi, kisha zungusha. Pampu ikishatolewa na kurudishwa, mara nyingi waya hufungwa ukiwa mfupi. Kitufe kwenye dashibodi unakisukuma hadi mwisho, kumbe huku chini mkono umebaki nusu njia, na hiyo nusu inatosha kukata mazutu yote. Kosa hili limewafungulisha watu injini nzima bure.

Mkono ukiwa sawa, fuata njia ya mazutu kutoka tangi. Fungua bomba linaloingia kwenye filta, elekeza mdomo kwenye kopo, zungusha kwa demarere. Mazutu itoke kwa mapigo yenye nguvu, pigo moja kila krenki inapozunguka mara mbili, kwa kuwa pampu ndogo ya kuvuta mazutu inasukumwa na kamshafti (shafti inayofungua supapu). Ikitoka dhaifu au na mapovu, tatizo liko nyuma yake: robineti ya tangi, tundu la hewa la kifuniko, au rondela (pete) za shaba zilizotumika mara ya pili bila kulainishwa. Rondela ya shaba ya zamani ichome hadi iwe nyekundu, iache ipoe, halafu uisugue. Pasipo hivyo itafyonza hewa bila kuvujisha hata tone, na ndiyo maana watu hawaigundui.

Kutoa hewa kwenye filta peke yake hakutoshi kwa DPA. Utaratibu ni huu:

1. Gesi ifunguliwe hadi mwisho, mkono wa kuzimia uwe upande wa kazi.
2. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga kwa kile kimkono cha pampu ndogo hadi mapovu yaishe, kaza. Kimkono kikiwa kilegevu na hakisukumi kitu, hakijaharibika: kamu imesimama mahali pake pa juu. Zungusha krenki mzunguko mmoja, ujaribu tena.
3. Legeza skrubu ya hewa iliyo ubavuni mwa pampu ya injekta, kwenye kichwa chake, piga, kaza.
4. Legeza ile ya juu, kwenye nyumba ya gavana (kidhibiti mwendo), piga, kaza. Hii ndiyo husahaulika.
5. Legeza nati za mabomba matatu kwenye injekta, mzunguko mmoja tu kila moja. Zungusha kwa demarere sekunde 15, pumzisha dakika moja, rudia. Mazutu ikitoka bila mapovu kwenye zote tatu, kaza.

Nati hizi ni za inchi. Funguo 16 inaingia mahali pa 5/8, lakini ikiwa imechakaa itakula pembe zake.

Mkishafika hatua ya 5 bila kupata hata tone wakati mazutu inafika kwenye pampu, basi valvu ya kupimia ndani ya DPA imenata. Hutokea pampu ikikaa miezi bila mazutu, au ikifungwa na uchafu. Hapo pampu irudi mezani kwa aliyeipima. Msiipige nyundo.

Na injekta isijaribiwe nje huku mtu ameweka mkono mbele yake. Mazutu ya injekta hupenya ngozi, na kidonda chake ni cha hospitali.

umeme_12V

Naongezea upande wangu. "Inazungusha vizuri" haitoshi, tupatie namba. Weka mita kwenye nguzo za betri wakati demarere inazungusha: ikishuka chini ya volti 9.6, betri au kebo hazifai. Kisha mguu mmoja wa mita uweke kwenye nguzo hasi ya betri, mwingine kwenye chuma tupu cha bloki, zungusha tena. Isizidi nusu volti. Injini iliyotoka kutengenezwa mara nyingi imepigwa rangi, na kebo ya ardhi imefungwa juu ya rangi hiyo. Kwangua hadi chuma kionekane.

Jambo lingine ni baridi. Lubumbashi tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi kuliko pwani, na asubuhi za Juni na Julai mnazijua. Segma mpya ambazo hazijakaa, hewa nyepesi, chuma baridi: hapo Thermostart, hita ya kupasha hewa iliyofungwa kwenye bomba la hewa, si pambo. Inahitaji vitu viwili, umeme na mazutu. Shika ufunguo kwenye nafasi ya joto sekunde 15 hadi 20, kisha gusa bomba karibu nayo. Likibaki baridi, waya umesahauliwa. Likipata joto lakini moto haushiki, angalia kibomba chake chembamba cha mazutu. Ukarabati ukiisha, kibomba hicho mara nyingi hukutwa kimezibwa kwa bolti.

Eta na Thermostart havikai nyumba moja. Koili ikiwa nyekundu, eta inalipuka ndani ya bomba la hewa kabla ya kufika kwenye silinda. Hata bila koili, eta huwaka mapema na kuvunja segma, na hizo zako ni mpya.

Mengine madogo: ondoa mpira wa filta ya hewa, tazama ndani kwa tochi. Matambara yaliyozibia matundu wakati kulasi iko mezani huwa yanabaki humo.

mkulima_kipushi

Aksanti sana. Majibu ni haya.

Waya wa kuzimia ulikuwa mfupi kwa karibu sentimita moja, mkono haukuwa unafika. Tumeurekebisha. Hewa tumeitoa kwa hatua zote tano, skrubu ya gavana haikuwa imeguswa kabisa. Sasa mazutu inatoka kwenye nati zote tatu.

Betri inashuka hadi 10.4 wakati wa kuzungusha, kati ya hasi na bloki ni 0.2. Thermostart inapata joto na kibomba chake kina mazutu. Matambara hakuna.

Lakini bado haiwaki. Sasa kuna moshi mweupe mwingi wenye harufu ya mazutu mbichi. Mara mojamoja inakohoa kupitia filta ya hewa. Na kijiti cha oili kinaonyesha oili imepanda sentimita moja juu ya alama.

dereva_wa_kasenga

Hiyo pampu imefungwa nusu mzunguko, dalili zake ni hizo. Badilisheni mabomba ya injekta tu, yasogezeni nafasi moja moja mpaka iwake. Kwenye Perkins ya silinda 4 inakubali, huna haja ya kufungua kitu.

fundi_mazutu

Dalili umeisoma vizuri, yaya, lakini dawa hiyo ni ya silinda 4 tu. Kwenye silinda 4 mlipuko unakuja kila nyuzi 180 za krenki. Pampu ikikosea nusu mzunguko wake, ambao ni mzunguko mzima wa krenki, yaani nyuzi 360, imekosea nafasi mbili kamili, kwa hiyo ukibadilisha bomba la 1 na la 4, na la 2 na la 3, inawaka. Kwenye silinda 3 mlipuko unakuja kila nyuzi 240. Gawanya 360 kwa 240: ni nafasi moja na nusu, na bomba la nusu nafasi halipo. Sogezeni mabomba mtakavyo, hakuna silinda itakayopata mazutu wakati wake. Isitoshe mabomba yale yamekunjwa kila moja kwa mahali pake, mtayapasua bure.

Sasa mkulima, kabla ya chochote: acheni kuzungusha. Oili iliyopanda ni mazutu iliyoteremka kando ya segma. Imeosha kuta za silinda, na ikiwaka hivyo beringi mpya zitaendeshwa na oili iliyo kama maji. Mwageni yote, wekeni mpya pamoja na filta yake, karibu lita 7, mkifuata kijiti.

Halafu fanyeni kipimo ambacho hakihitaji kufungua mbele. Toa kifuniko cha supapu. Silinda ya 1 ni ile ya upande wa radieta. Legeza nati ya bomba lake kwenye injekta, funga kitambaa kando ili mazutu isimwagike pote. Mmoja azungushe kwa demarere, vipigo vifupi, mwingine atazame vitu viwili kwa pamoja: mikono ya supapu ya silinda 1, na mazutu kwenye nati.

Supapu zote mbili za silinda 1 zikiwa zimefungwa, mikono yake italegea ukiishika. Hapo pistoni iko juu kwenye kompresio, na mazutu inapaswa kuchuruzika wakati huohuo, au mapema kidogo. Ikichuruzika wakati mkono mmoja unapanda na mwingine unashuka, yaani ekzosi inafunga na ya kuingizia inafungua, pampu imekosea mzunguko mzima. Mazutu inamwagwa kwenye silinda iliyo wazi, nusu inatoka na moshi, nusu inarudi kukohoa kwenye filta ya hewa.

Msijaribu kipimo hiki kwa kuzungusha krenki kwa mkono. Ndani ya DPA kuna pampu ya vibao inayohitaji mwendo. Kwa mkono haitoi presha ya kutosha, na mtasema pampu imekufa wakati ni nzima.

Kifuniko kikiwa wazi, pimeni nafasi za supapu (upenyo kati ya mkono na fimbo) injini ikiwa baridi: milimita 0.30, za kuingizia na za ekzosi. Supapu iliyosagwa huzama kwenye kiti chake na fimbo yake hupanda, kwa hiyo nafasi inapungua. Ikifika sifuri, supapu haifungi na kompresio inatoroka. Kila silinda ipimwe ikiwa kwenye kompresio yake, ukitoka moja kwenda nyingine ni nyuzi 240.

Mkikuta mazutu inakuja wakati wake sahihi, basi tunarudi kwenye kompresio. Mimineni kijiko kimoja cha oili kwenye kila silinda kupitia tundu la injekta, si zaidi, chumba cha juu ya pistoni ni kidogo na oili haibanwi. Ikiwaka kwa oili, silinda zilikuwa kavu tu. Na hakikisheni chini ya kila injekta kuna rondela moja ya shaba. Ile ya zamani hupenda kubaki shimoni, mpya inawekwa juu yake, injekta inakaa juu na kuvujisha.

mkulima_kipushi

Tumefanya. Mazutu inachuruzika wakati mikono ya silinda 1 inacheza, ekzosi inafunga na ya pili inafungua. Tumerudia mara nne, ni vilevile. Nafasi za supapu: mbili zilikuwa 0.15, tumezirudisha 0.30. Rondela ni moja moja.

Pampu imeshikwa kwenye gia kwa bolti tatu, tunaziona kupitia kile kijalada cha mviringo mbele. Tunaweza kuzifungua, tugeuze pampu nusu mzunguko, turudishe, bila kutoa mbele yote?

fundi_mazutu

Hapana. Kati ya gia na kitovu cha pampu kuna pini ya kuelekeza, inakubali nafasi moja tu. Kuna wanaoing'oa, halafu taimingi inabaki kukisiwa maisha yote ya injini. Kosa liko kwenye meno ya gia, si kwenye pampu. Jalada lilipotolewa, gia ya kati ilitoka, na gia ya pampu ikarudishwa huku krenki iko juu kwenye mzunguko ambao si wake. Pampu ikitolewa peke yake haiwezi kukosea hivi, gia inabaki mahali pake. Kwa hiyo msimlaumu aliyeipima mezani.

Kwenye 135 jalada halitoki bila kutenga mbele. Mwageni maji, toeni radieta, wekeni magogo imara chini ya injini, jeki iwe ya kusaidia tu, kisha ekseli ya mbele na kibebeo chake visogezwe mbele. Toeni puli ya krenki, kisha jalada.

Sasa zungusheni krenki hadi pistoni ya 1 iwe juu na supapu zake zote mbili zimefungwa. Msiamini alama za gia pekee kwa hatua hii, tazameni supapu. Alama za gia ya kati hazikutani kila mzunguko, krenki inabidi izunguke mara nyingi kabla hazijarudi pamoja. Watu wengi wakiona haziko mstari mmoja wanadhani kamshafti imeruka, wanaanza kuvuruga kilichokuwa kizima.

Gia ya krenki na ya kamshafti zikibaki hivyo, toeni gia ya kati, muirudishe huku alama yake inakutana na ya krenki, na nyingine inakutana na ya kamshafti. Kama kamshafti haitaki kukutana bila kuzungushwa, simameni: supapu zitagonga pistoni. Legezeni kwanza mikono yote ya supapu, ndipo muigeuze. Kisha gia ya pampu ikae ili alama yake ikutane na ya tatu ya gia ya kati. Alama zote tatu zikiwa zimekutana kwa wakati mmoja na silinda 1 ikiwa kwenye kompresio, pigeni picha kwa simu kabla ya kufunga. Mkifunga na mtu akibisha kesho, picha ipo.

Nyuma ya hapo kuna mstari uliochongwa kwenye ukingo wa pampu na mwingine kwenye bamba la injini. Ikutane mistari hiyo. Matundu ya ukingo ni marefu kwa ajili ya kurekebisha kidogo tu, nyuzi chache, si kwa kuokoa jino lililokosewa.

Jalada likirudi, lisikazwe mara moja. Ingizeni puli kwanza ili sili ikae katikati ya shafti, ndipo mkaze bolti za jalada. Bila hivyo sili mpya itavuja upande mmoja, na mtarudia kazi ile ile iliyoanzisha haya yote.

umeme_12V

Mkifunga kebo tena, betri iende mwisho. Na mazutu ya kujaribia msinunue kwa Kadhafi, wale wauza mafuta wa barabarani. Bidoni zao huchanganywa mafuta ya taa, nyingine zina maji chini. DPA inalainishwa na mazutu yenyewe, haina oili yake.

mkulima_kipushi

Imewaka. Alama ya gia ya pampu ilikuwa upande wa pili kabisa, nusu mzunguko kama mlivyosema. Tumerudisha zote, tumetoa hewa upya, tumepasha sekunde 20, imeshika kwenye jaribio la tatu. Moshi mweupe umeisha baada ya dakika mbili hivi, presha ya oili iko sawa. Sasa tuiache kwenye relanti (mwendo wa chini bila mzigo) siku nzima ili segma zikae?

fundi_mazutu

Hapana, relanti ndefu ndiyo inayoharibu. Segma mpya zinahitaji mzigo wa kiasi ili zibanwe ukutani. Bila mzigo ukuta unakuwa laini kama kioo na oili itapanda tena kama zamani. Ipasheni dakika 30 hadi 45 kwa mwendo wa wastani, zimeni, kisha nati za kulasi zikazwe tena kutoka katikati kwenda nje, kati ya 75 na 81 Nm. Kulasi ikikazwa tena, nafasi za supapu hubadilika, kwa hiyo zipimeni upya ikishapoa. Baada ya hapo trela tupu, halafu nusu mzigo, plau isubiri. Oili hiyo mpya nayo muimwage baada ya saa 20 hadi 25 za kazi, ina vumbi la segma na mazutu iliyobaki kwenye karta (sinia la oili).